Je, Kuwakata Mabinti ni Sunna?

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu, katika darsa moja ya baada ya Magharibi alikuwako mtu ambaye hakuuliza swali lake mbele ya watu. Alingoja mpaka wenziwe wakatoka, ndipo alipotukaribia. Yeye ni mfanyakazi katika mji wetu, na watu wake wakaa kando ya Mto Tana. Ana binti wa miaka tisa asomaye hapa. Mama yake amempelekea habari kwamba, shule zikifungwa mwezi wa Disemba, amlete mtoto akatwe. Bibi huyo amemwambia mwanawe asiogope: hakuna tena kushona kama zamani, kutakuwa na muuguzi mwenye sindano ya ganzi, nalo ni jambo dogo, "sunna tu."

Akatwambia: "Maalim, mama asema nikikataa nimeikataa sunna ya Mtume, nami nimemvunjia heshima yake. Nikimtii mama, je, nitakuwa nimemdhulumu binti? Na nikimhifadhi binti, je, nitakuwa nimemwasi mama?"

Tulimwomba muhula wa siku saba. Haya tuandikayo leo ndiyo tuliyomjibu, nasi twayaandika kwa idhini yake, kwani twajua si yeye peke yake mwenye swali hili.

JAMBO HILI LATUHUSU NINI?

Huenda msomaji wa Mombasa, Malindi au Lamu akasema: "Sisi wenyeji wa miji ya pwani hatuna desturi ya kuwakata mabinti. Mambo haya ni ya watu wa bara na wa kaskazini. Kwa nini tuyatie katika darsa zetu?"

Twajibu kwa mambo mawili. Kwanza, majirani zetu wa Tana River, Garissa, Wajir na Mandera si wageni kwetu. Twasimama nao safu moja katika Sala, twauziana nao, twaoana nao, na watoto wao na wetu wasoma chuo kimoja. Binti wa jirani ni binti yetu.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, wembe huo umepewa jina la Sunna. Lau ungeitwa desturi ya ukoo fulani, tungesema wenye ukoo waulizwe. Lakini ukisha kuitwa Sunna, basi amesingiziwa Mtume wetu, na kila mwenye elimu aliyenyamaza ana sehemu yake katika uzushi huo.

Nasi hatujitoi. Zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita, tulipokuwa wapya katika kusomesha, mama mmoja alituuliza jambo hili kwa kupitia watu wa nyumbani kwetu. Tulifungua kitabu, tukasoma mstari mmoja, tukampelekea jawabu kwamba ni wajibu, tukafunga kitabu. Hatukuuliza mtoto ana umri gani. Hatukuuliza ni nani atakayekata, wala kitakachokatwa ni nini. Mtoto alikatwa, kidonda kikaoza, akalala hospitali siku nyingi. Mwenyezi Mungu alimponya. Lakini watu walipomlaumu mama yake, alisema: "Maalim ndiye aliyesema." Neno hilo hatujalisahau. Basi somo hili ni toba yetu kabla ya kuwa mafundisho kwa wengine.

NI KITU GANI HASA KIFANYWACHO?

Hapana haya katika kutafuta ilimu ya dini, nasi tutasema kwa uwazi bila ya kupita mpaka. Kuwakata mabinti kuna namna nyingi. Wako wakatao kinembe, chote au sehemu yake. Wako wakatao kinembe pamoja na mashavu ya utupu. Na wako wakatao, kisha wakashona, wasiache ila tundu dogo la kupitia mkojo na damu ya hedhi. Namna hii ya tatu ndiyo iitwayo "ya Firauni", nayo imekuwa nyingi kwa watu wa Somalia na Sudan na kaskazini mwa nchi yetu.

Katika miaka hii jamaa wengi wameacha kushona, wakachukua ile waiitayo "sunna". Wajidhania wamehama kutoka haramu kwenda halali. Lakini ulizeni ndani ya nyumba, mtaona jina hilo halina mpaka. Mmoja huchoma kidogo, mwengine hukata kinembe chote, na mwengine hukata na kutia mshono mmoja au miwili, na wote husema: "Ni sunna." Jina ni moja na majeraha ni mbalimbali, na mtoto hana wa kumwambia ni lipi litakalomfika.

DALILI WAZITOAZO

Tuanze na Qur'ani. Ndani ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu, tangu Alhamdu hata Sura ya Nnas, hamna aya iamrishayo kuwakata mabinti. Kinyume chake, Mwenyezi Mungu ametwambia katika Suratu Ttin kwamba amemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora kabisa, na katika Suratu Nnisaa ametuhadharisha na Shetani aliyeapa kuwaamrisha watu wabadilishe maumbile ya Mungu.

Ama Hadithi, wazitoleazo dalili ni nne.

Ya kwanza ni ile ya mwanamke wa Madina aliyekuwa akiwakata wanawake, ikasemwa kwamba Mtume alimwambia asizidishe. Hadithi hii imo katika kitabu cha Abu Dawud. Lakini Abu Dawud mwenyewe, baada ya kuipokea, ameeleza kwamba ni dhaifu na kwamba katika wapokezi wake mna mtu asiyejulikana. Basi vipi tuichukue Hadithi kwa mkono mmoja, na hukumu ya mwenye kuipokea tuitupe kwa mkono wa pili? Na hata lau ingekuwa sahihi, maana yake ni kumzuia mkataji, si kuwaamuru watu wakate.

Ya pili ni ile isemayo kwamba tohara ni sunna kwa wanaume na ni jambo la heshima kwa wanawake. Imepokewa kwa njia ya Hajjaj bin Artat, na mabingwa wa Hadithi wamemtia ila. Haisimami kuwa hoja ya kumwaga damu ya mtoto.

Ya tatu ni Hadithi sahihi ya kuoga janaba, itajayo kukutana kwa "tohara mbili". Hii hatuikanushi. Lakini yafundisha wakati wa kuwajibika josho, haifundishi kukata. Na Waarabu wana ada ya kuvitaja vitu viwili kwa jina la kimoja: jua na mwezi huviita "miezi miwili", na Abubakar na Umar huwaita "Umar wawili". Hakuna aliyesema kwa ajili hiyo kwamba jua ni mwezi.

Ya nne ni Hadithi sahihi ya mambo matano ya maumbile, nayo yataja tohara pamoja na kukata kucha na kupunguza masharubu. Na nani asiyejua kwamba masharubu ni ya wanaume? Hadithi hii haikuwataja mabinti.

Kisha tutazame mwenendo wa Mtume mwenyewe. Alikuwa na mabinti wanne: Zaynab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatima. Sira yake imehifadhiwa hata namna alivyokunywa maji na alivyovaa viatu. Hatukupata habari sahihi kwamba alimkata yeyote katika mabinti zake. Itakuwaje basi iwe Sunna yake, na nyumba yake mwenyewe haikuijua?

NA MADHEHEBU YETU?

Hapa mtu wa elimu atatuzuia aseme: "Sisi ni watu wa madhehebu ya Imam Shafi, na katika vitabu vyetu imeandikwa kwamba ni wajibu kwa mwanamume na kwa mwanamke." Asemalo ni kweli, wala hatutalificha. Imam Nnawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameliandika katika Minhaj, kitabu tukisomacho katika darsa zetu. Na huo ndio mstari tuliousoma sisi siku ile, tukafunga.

Lau tusingefunga, tungeona nini? Tungeona katika mahali pale pale kwamba wajibu huo hauji ila baada ya baleghe. Tungeona kwamba kwa mwanamke kimetajwa kijisehemu tu cha nyama ya juu, si kinembe chote wala mashavu. Tungeona kwamba asiyeweza kustahimili huakhirishwa, na kwamba mwenye kumtahiri mtoto katika umri asioustahimili hupasiwa na kisasi, isipokuwa akiwa ni mzazi. Na tungefungua mlango wa dia katika kitabu hicho hicho, tungeona kwamba mwenye kuyakata mashavu mawili ya utupu wa mwanamke hutozwa dia yake kamili, kama aliyemwua.

Fikirini, ndugu zetu. Jambo ambalo ngariba hulipwa ujira kwa kulitenda, Minhaj yalihesabu ni jinai ya kulipiwa dia ya roho nzima. Basi anayemkata mtoto wa miaka sita au tisa, akasema afuata wajibu wa madhehebu, madhehebu hayo hayakumwajibisha kumkata katika umri huo.

Na madhehebu mengine? Ibn Qudama, imamu mkubwa wa Kihanbali, amesema katika al-Mughni kwamba si wajibu kwa wanawake. Mahanafi na Wamaliki hawakuliweka katika daraja ya wajibu. Kwa hivyo tangu zamani ni jambo lenye khitilafu, wala si nguzo ambayo mwenye kuiacha ameiacha dini.

Tena Imam Shafi mwenyewe alikuwa na kauli alizozisema Iraq, kisha alipofika Misri na kuzidi kupata dalili akazibadilisha. Nasi twajua wasia wake kwamba Hadithi sahihi ndiyo madhehebu yake. Maimamu walihukumu kwa elimu iliyowafikia, na Mwenyezi Mungu atawalipa kwa jitihada yao. Lakini wao hawakuona tuyaonayo sisi leo katika vyumba vya kuzalia.

Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Azhar tangu 1958 hata 1963, alilitazama jambo hili, akaona hakuna andiko sahihi la kuliegemea, na kwamba kumtia uchungu aliye hai hakujuzu ila kwa manufaa yake mwenyewe. Sayyid Sabiq katika Fiqhu Ssunna amesema kwamba Hadithi zake zote ni dhaifu. Wako na wanavyuoni wa Misri walioitetea desturi hii, wala hatuwafichi. Lakini mwezi wa Novemba 2006 wanavyuoni wa nchi mbalimbali walikusanyika Cairo chini ya kivuli cha Azhar, wakatoa tamko la kuipinga. Na mwaka 2007 msichana mmoja wa Misri alifariki mikononi mwa daktari, ndani ya zahanati. Baada ya kifo hicho Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, alitangaza kwamba ni haramu. Na huyo daktari naye alikuwa na sindano ya ganzi.

DESTURI HII YATOKA WAPI?

Imetangulia Uislamu. Iko karatasi ya Kiyunani iliyoandikwa Misri mwaka 163 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, nayo yataja kukatwa kwa msichana. Hiyo ni zaidi ya miaka 700 kabla ya kuzaliwa Mtume wetu. Na hapa Kenya, Waabagusii na Wamaasai na Wasamburu hukata mabinti, nao wengi wao si Waislamu. Kwa upande mwengine, Waislamu wa Moroko, Aljeria na Tunisia hawana desturi hii. Jambo wafanyalo wasio Waislamu, na wasilolifanya mamilioni ya Waislamu, haliwi alama ya Uislamu.

MADHARA YAKE

Damu humwagika, na mara nyengine haisimami. Jeraha huoza. Mkojo huwa mashaka, na kwa aliyeshonwa hedhi hujifunga ndani. Usiku wa arusi huwa ni usiku wa jeraha la pili. Na katika uzazi, Shirika la Afya la Ulimwengu lilichunguza wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwamo, na likatangaza matokeo mwaka 2006. Ilionekana kwamba kwa wale waliokatwa na kushonwa, kuzaa kwa kupasuliwa kumezidi kwa kadiri ya 30 katika mia kuliko kwa wasiokatwa, na kufa kwa watoto wachanga kumezidi kwa kadiri ya 55 katika mia.

Ama huyo muuguzi na sindano yake: ganzi huondoa kilio cha mtoto, haiondoi hasara. Kilichokatwa hakiroti tena. Na sharia yetu imejengwa juu ya kuondoa madhara, si kuyafanya kwa mikono misafi. Lililo wajibu kwa yakini, kama funga na josho, huondoshwa na maradhi. Vipi lisilo yakini lisiondoshwe na madhara yaliyo yakini?

"NI KWA AJILI YA KUMHIFADHI"

Wasema: "Binti asiyekatwa hatajizuia." Neno hili ni tusi kwa mabinti wote wa pwani, na kwa mama zetu waliotuzaa, ambao hawakukatwa nao wakaishi kwa staha. Haya yakaa moyoni na katika malezi. Tena tazameni Suratu Nnur: Mwenyezi Mungu amewaanza waumini wanaume kwa amri ya kuinamisha macho na kuhifadhi tupu zao, ndipo akawaamuru wanawake. Lakini sisi amri ya mwanamume tumeiacha, na ya mwanamke tukaiandika kwa wembe.

Na hapo ndipo penye mzizi wa maradhi. Kabla ya Uislamu mtu akibashiriwa mtoto wa kike uso wake ulisawijika, na wengine waliwazika hai. Qur'ani ikaja ikasema kwamba mtoto huyo ataulizwa kwa dhambi gani ameuawa. Ikampa mwanamke urithi, ikampa mahari yake mkononi mwake, ikasema wake wana haki kama zile zilizo juu yao. Mke ana haki ya starehe ya ndoa kama mume, na mwenye kumkata amemnyang'anya haki hiyo kabla hajaijua. Mara nyingi wembe huo ndio mwanzo tu. Mtoto akisha kukatwa huambiwa amekuwa mwanamke, hutolewa shuleni, huozwa. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alitulaumu wakati ule kwa kuwanyima mabinti elimu. Lawama yake ingali juu ya shingo zetu.

SHERIA YA NCHI

Yafaa ijulikane kwamba tangu mwaka 2011 iko sheria Kenya iharimishayo jambo hili. Mwenye kukata hufungwa si chini ya miaka mitatu, au hutozwa si chini ya shilingi 200,000, au yote mawili. Mtoto akifa, aliyekata aweza kufungwa maisha. Mwenye kusaidia ana kosa, mwenye kujua asitoe habari ana kosa, mwenye kumvusha mtoto mpaka wa nchi ili akakatwe ana kosa, na hata mwenye kumtukana mwanamke kwa kutokatwa ana kosa. Mwezi wa Machi 2021 Mahkama Kuu ilikataa madai ya kutaka sheria hiyo iondolewe. Na watu wanabadilika: mwaka 1998 wanawake waliokatwa walikuwa kama 38 katika kila mia, na katika hesabu ya mwaka 2022 ni 15. Lakini huko kaskazini mashariki waliokatwa wangali ndio wengi.

JAWABU YETU

Tulimwambia ndugu yetu: Kumhifadhi binti yako si kumwasi mama yako. Mwenyezi Mungu ametuamuru tukae na wazazi kwa wema hata wanapotutaka tufanye lisilofaa, lakini hakutuamuru tulifanye. Usimpeleke mtoto mwezi wa Disemba. Nenda wewe, mchukulie mama yako zawadi, keti miguuni pake, mwambie yaliyomo katika kitabu, wala usimwite mjinga. Yeye anampenda mjukuu wake, naye ametaka kumpa lile aliloambiwa ni jema.

Alikwenda. Aliporudi alitwambia kwamba mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, asimkubalie wala asimkasirikie. Aliuliza neno moja tu: "Basi sisi tuliokatwa, atatujibu nani?"

Swali hilo ni letu, sisi tuliokaa na vitabu. Twamjibu bibi yetu na wote walio kama yeye: Nyinyi hamna dhambi wala upungufu katika dini yenu. Mlidhulumiwa mkiwa wadogo, na subira yenu Mwenyezi Mungu haipotezi. Mwenye maumivu na aende hospitali bila ya kuona haya, kwani ziko namna za kutibiwa, hata kufunguliwa kilichoshonwa. Nasi twawataka radhi kwa kuchelewa kusema.

Na enyi maimamu na walimu wa vyuo, likizo zikikaribia litajeni jambo hili katika hutuba. Na enyi akina baba, msiseme "haya ni mambo ya wanawake", kwani mtoto ni amana yenu, na mtaulizwa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na batili tuiepuke, na awahifadhi mabinti zetu. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.